Je, Kumwuliza Mwalimu ni Kumvunjia Heshima?

Nataka kuleta mbele yenu swali moja lililonisumbua tangu siku nilipokuwa mwanafunzi katika nchi ya mbali, na ambalo hata leo, nikiwa mwalimu hapa Kilwa Masoko, hunirudia kila ninaposimama mbele ya watoto. Swali lenyewe ni hili: mwanafunzi akimsikia mwalimu wake akisema neno ambalo yeye anaamini si kweli, afanye nini? Anyamaze, kwa kuwa mwalimu ni mkubwa wake? Au aseme, kwa kuwa kweli ni kubwa kuliko mwalimu? Watu wengi hudhani kwamba jibu ni jepesi. Mimi nimelijibu swali hili mara mbili katika maisha yangu, mara ya kwanza kwa kunyamaza na mara ya pili kwa kusema, na mara zote mbili nilikosa. Basi nawaomba mnivumilie niyaeleze makosa yangu yote mawili, maana yamkini yakamfaa mwingine.

Sisi watu wa pwani tunalelewa katika adabu. Mtoto hajajua kuhesabu hata kumi, amekwisha kufundishwa kuamkia wakubwa, kupokea kitu kwa mkono wa kulia, na kutowakatiza watu wazima maneno yao. Akipelekwa chuoni huketi mkekani mbele ya mwalimu, husoma kwa sauti lile alilosomewa, naye hulirudia mpaka limkae moyoni. Akiingia shule huona mambo ni yale yale: mwalimu huandika ubaoni, naye hunakili, mwalimu huuliza, naye hujibu. Mtoto aulizaye sana huitwa mjuaji, na neno hilo kwetu si sifa. Sisemi haya kwa kuyabeza. Kwa njia hiyo nilijifunza kusoma na kuandika, tena nilijifunza kusikiliza, na mtu asiyejua kusikiliza hawezi kujifunza lolote. Nilichopewa na walimu wangu wa kwanza ndicho kilichonifikisha ng'ambo.

Mwaka 2011 nilipata nafasi ya kwenda Uingereza kusoma mambo ya elimu na historia kwa muda wa mwaka mmoja. Nilifika mwezi wa Septemba, baridi ikianza, nikakuta kwamba masomo yetu ni ya namna mbili. Namna ya kwanza ni ile ya ukumbi mkubwa, ambamo wanafunzi wengi huketi safu kwa safu na mwalimu husema peke yake kwa muda wa saa nzima. Humo sikuona ugeni, maana nilifungua daftari nikaandika kila neno kama nilivyozoea kwetu. Namna ya pili ilinishinda. Mara moja kila juma tulikutana katika chumba kidogo, watu kumi na wawili, tukaizunguka meza moja pamoja na mwalimu. Vitabu tulikuwa tumepewa juma lililotangulia. Mwalimu aliingia, akaketi, akauliza, “Haya, mwasemaje?” kisha akanyamaza.

Siku ya kwanza nilidhani kwamba hakutayarisha somo lake. Siku ya pili msichana mmoja, umri wake kama miaka ishirini na mmoja, alimwambia waziwazi kwamba hakubaliani naye, akatoa na sababu. Mimi nikautazama mlango, nikitazamia kumwona akitolewa nje. Walakini mwalimu aliinama mbele kama mtu aliyeletewa zawadi, akasema, “Endelea.” Tena tuliambiwa tumwite kwa jina lake tupu, bila cheo wala heshima yoyote. Ulimi wangu ulikataa. Wenzangu walimwita kama waitanavyo wao kwa wao, nami mpaka siku ya kuondoka nilimwita Profesa. Hata insha yangu ya kwanza iliporudi, nilikuta ameandika chini yake kwa wino kwamba nimeyaeleza vizuri maneno ya wengine, lakini haonekani mahali niliposema langu. Niliyasoma maneno hayo mara nyingi. Kwetu mtu husema lake akiulizwa, na mimi sikujua kwamba nilikuwa nimeulizwa.

Mwezi wa Februari tulifikia somo la bandari za kale za Bahari ya Hindi. Nilifurahi sana, maana nilijua kwamba Kilwa haina budi kutajwa, na kweli ilitajwa. Lakini mwalimu wa somo lile, naye si yule wa kwanza, alieleza kwamba Kilwa na miji mingine ya pwani yetu ilikuwa miji ya Waajemi na Waarabu, waliokuja na ujenzi wao, dini yao na biashara yao wakaviweka ufukweni, na kwamba wenyeji hawakuwa na fungu katika miji hiyo ila kazi ya mikono. Hakusema kwa dharau. Alisema kama mtu asemavyo jambo alilolikuta vitabuni zamani, asiwe na haja ya kulitazama tena.

Nami nilikuwa nimeketi pale, mtu wa Kilwa. Kutoka gati la Masoko hata Kilwa Kisiwani ni mwendo mfupi wa mashua, na msikiti mkuu wa Kisiwani niliujua tangu utoto. Tena mambo machache nilikuwa nimeyasoma. Nilijua kwamba Ibn Battuta, msafiri wa Tangier, alifika Kilwa mwaka 1331, akaandika kwamba wengi wa watu wake ni Wazanji, weusi wa rangi. Nilijua kwamba habari za kale za Kilwa, ambazo nakala yake ya Kiarabu imehifadhiwa London, zenyewe husema kwamba mgeni kutoka Shirazi alikinunua kisiwa kwa nguo kutoka kwa mwenyeji aliyekuwa akikitawala. Na kitu hakinunuliwi ila kina mwenyewe. Nilijua kwamba Mark Horton alichimba Shanga, katika kisiwa cha Pate, katika miaka ya 1980, akakuta misikiti iliyojengwa mmoja juu ya mwingine, ya kwanza ikiwa ya miti na udongo, ya baadaye ikiwa ya mawe. Ndiyo kusema kwamba mji ule haukuletwa na jahazi, bali ulikua papo hapo. Nilijua kwamba Profesa Felix Chami wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam amefukua katika pwani yetu athari za wakulima na wafua chuma walioishi hapa karne nyingi kabla ya misikiti hiyo ya mawe. Nilijua na jambo lililo wazi kuliko yote, kwamba lugha ya miji hiyo ilikuwa Kiswahili, ambacho ni Kibantu mpaka mifupani, ijapokuwa kimevaa nguo nyingi za Kiarabu. Haya yote yalikuwa kichwani mwangu, nami nikanyamaza.

Mambo hayakuishia hapo. Tulipotoka, mwenzetu mmoja, mtu wa nchi nyingine, alinifuata mlangoni akaniuliza, “Wewe watoka huko. Je, ndivyo ilivyokuwa?” Hapo hapakuwa na mwalimu wa kumheshimu wala darasa la kuliogopa. Walakini nilimjibu, “Mwalimu ameyasomea mambo hayo.” Akanishukuru, akaenda zake. Yule mwenzetu alikuwa akijifunza ualimu. Yamkini leo anawafundisha watoto wa nchi yake neno lile lile, akiwaambia pia kwamba hata mtu wa Kilwa mwenyewe hakulipinga.

Usiku ule nilijitetea kwa adabu. Nalijiambia kwamba nimelelewa vyema, kwamba mgeni hasahihishi kauli za mwenye nyumba, na kwamba mwanafunzi hashindani na mwalimu wake. Lakini nilipojichunguza sana niliona kwamba adabu ilikuwa kanzu tu, na aliyekuwa ndani ya kanzu hiyo alikuwa hofu. Niliogopa Kiingereza changu kisije kikateleza mbele ya watu. Niliogopa kuchekwa. Tena niliogopa kwamba nikisema, mwalimu atanijibu kwa hoja nisiyoijua, nami nitaonekana mjinga katika habari za kwetu wenyewe. Ushahidi wa haya ni mwepesi. Mwalimu yule alikuwa na saa zake za kuonana na wanafunzi, kila Jumatano alasiri, na mlango wake ulikuwa wazi. Kama ningalinyamaza kwa heshima tu, ningalimwendea huko faraghani, nikamwambia kwa upole lile nililolijua. Sikwenda Jumatano ile wala nyingine yoyote.

Basi hapa ndipo nilipoanza kutambua kwamba kuna kimya cha namna mbili. Kuna kimya cha mtu anayesikiliza, naye hunyamaza ili lile analoambiwa lipate mahali pa kuingia. Kimya hicho ni adabu ya kweli, na bila hicho hapana elimu. Tena kuna kimya cha mtu anayejificha, naye hunyamaza ili asionekane. Vimya hivi viwili kwa nje hufanana kama mapacha, na mwalimu aliye mbele ya darasa hawezi kuvipambanua. Mwenye kujua ni mwanafunzi mwenyewe.

Mtu ataniambia, “Lakini heshima ni heshima, hata ikiwa na woga ndani yake.” Namjibu kwa mfano wa bahari, maana sisi sote hapa twaujua. Chombo kinaingia bandarini, na baharia aliye omo anauona mwamba. Nahodha hauoni. Baharia akinyamaza kwa kuwa nahodha ni mkubwa wake, je, amemheshimu nahodha? Amekizamisha chombo, na nahodha yumo ndani. Kumwacha mtu umpendaye katika kosa ambalo wewe unaliona ni kumwacha peke yake, na kumwacha mtu peke yake hakuwezi kuitwa heshima.

Wala tusidhani kwamba jambo hili ni desturi ya Wazungu, iliyoletwa kwetu juzi pamoja na meza zao na vikao vyao. Watazameni Waislamu wa pwani hii, ambao wengi wao hufuata madhehebu ya Imamu Shafi. Yeye alizaliwa mwaka 767, akakua Makka, na katika ujana wake akasafiri mpaka Madina ili asome kwa Imamu Malik. Alikaa kwake na kusoma kwake, wala hakuacha kumtaja mwalimu wake kwa heshima kubwa. Walakini alipokomaa katika elimu alihitilafiana naye katika mambo mengi, akayaandika na kuyatetea kwa hoja, hata njia yake ikawa madhehebu mbali. Kumbe watu hawa wa pwani, ambao huona haya kumwuliza mwalimu, katika sheria zao ni wafuasi wa mwanafunzi aliyehitilafiana na mwalimu wake! Hata kwa Wayunani wa kale ilikuwa vivyo hivyo. Aristotle alitoka kwao Stagira akiwa na umri wa miaka kumi na saba, akaenda Athens, mji ambao hakuwa raia wake, akasoma kwa Plato miaka ishirini hata Plato akafa. Kisha akawa mpinzani mkubwa wa mafundisho yake. Wote wawili, Shafi na Aristotle, walikuwa wanafunzi katika miji ya watu. Kwanza walisikiliza miaka mingi, kisha wakasema. Hakuna hata mmoja aliyesema bila kusikiliza, wala aliyesikiliza akafa asiseme.

Naliporudi nyumbani nilikuwa nimeazimia kwamba sitanyamaza tena. Sasa sikilizeni kosa langu la pili, ambalo naliona kubwa kuliko lile la kwanza.

Mwaka 2013 niliwachukua wanafunzi wangu kwa mashua kwenda Kilwa Kisiwani, nikamwomba mzee mmoja tufuatane naye. Mzee huyo alikuwa mwalimu mstaafu, naye ndiye aliyenifundisha mimi katika darasa la nne. Njiani aliwaambia watoto majina ya miamba na ya mikondo ya maji, na mahali palipokuwa na visima vya kale. Akawasimulia pia habari inayosimuliwa na wazee wa Kilwa, kwamba mgeni wa Shirazi alimpa mwenye kisiwa nguo nyingi, kisha akamwoa binti yake, na mtoto wao ndiye aliyerithi ufalme. Mimi nilitabasamu tu, maana niliiona kuwa hadithi ya kulazia watoto.

Tulipofika Husuni Kubwa, mzee aliwaambia watoto kwamba jumba lile lilijengwa na Wareno. Mara nilimkatiza. Nilisema kwa sauti kubwa, mbele ya watoto arobaini, “Hapana, Mwalimu, sivyo.” Nikaeleza kwamba Husuni Kubwa ilijengwa na Sultani al-Hasan bin Sulaiman mwanzoni mwa karne ya 14, karibu miaka mia mbili kabla Wareno hawajaiona Kilwa, kwamba Wareno walifika mwaka 1505 na Francisco de Almeida, wakajenga ngome yao mahali ilipo Gereza, wakaondoka mwaka 1512. Kila neno nililolisema lilikuwa kweli. Watoto wawili watatu wakacheka. Mzee hakujibu neno. Alishuka polepole mpaka ufukweni, akaketi kivulini karibu na mashua, akatungoja pale mpaka tulipomaliza.

Mwaka uliofuata nilimwomba tena tufuatane naye, akasema mguu unamwuma. Lakini kila asubuhi watu walimwona akienda pwani kununua samaki. Ndipo nilipoelewa. Na hasara haikuwa yangu peke yangu, maana watoto wa mwaka ule walikwenda Kisiwani pamoja nami, wakasikia tarehe na majina ya masultani, ila hawakupata kuyajua majina ya miamba wala ya mikondo, kwa kuwa mimi sikuyajua.

Jioni moja nilikwenda kwake. Niliamkia, nikakaribishwa barazani, nikaeleza kilichonileta. Alikaa kimya kwa muda, kisha akaniambia, “Mwanangu, neno lako lilikuwa la kweli. Ila ulikuja nalo kama mtu anayekuja kudai deni mbele ya watu.” Nikamwomba radhi, naye akanisamehe. Kisha akasema neno jingine ambalo sikulitazamia. “Habari ile ya Wareno niliipata kwa mwalimu wangu. Nilipokuwa mtoto niliona kwamba haifanani na zile nilizozisikia kwa babu yangu, lakini sikumwuliza. Siku zile hakuulizwa mtu.” Nilirudi nyumbani na neno hilo. Kosa la mzee na kosa la mwenzangu wa ng'ambo yalizaliwa na mama mmoja, nalo ni kimya cha mwanafunzi aliyejua akanyamaza. Mzee alikuwa mwanafunzi huyo zamani zake, nami nilikuwa mwanafunzi huyo zamani zangu.

Mzee alikwenda nasi Kisiwani mara mbili tena, kisha akafariki dunia. Miaka michache baada ya kufariki kwake, mwezi wa Machi mwaka 2023, jarida la Nature lilichapisha kazi ya wataalamu wengi, akiwamo Chapurukha Kusimba mzaliwa wa Kenya, waliochunguza mifupa ya watu 80 waliozikwa katika miji ya kale ya pwani yetu na katika mji mmoja wa bara. Kilwa na Songo Mnara ni miongoni mwa miji hiyo. Walichunguza vinasaba, yaani alama za urithi ambazo kila mtu huzipokea kwa baba na mama yake. Wakaona kwamba wengi wa watu wale walikuwa na damu ya pande mbili, ya Afrika na ya Asia. Kwamba mchanganyiko huo ulianza yapata mwaka 1000. Kwamba wale wazazi wa upande wa Asia, hapo mwanzo, wengi wao walikuwa wanaume kutoka Uajemi. Na kwamba wale wa upande wa Afrika wengi wao walikuwa wanawake.

Nilipoyasoma hayo niliiweka karatasi chini. Mwalimu wangu wa Uingereza alisema kwamba wenyeji hawakuwa na fungu, naye alikosa, maana mama wa miji hii walikuwa watu wa hapa, na lugha iliyobaki ni lugha ya mama. Lakini mimi nami nilikosa. Siku ile ya Februari, katika kimya changu, nilikuwa nikijiambia kwamba hadithi ya Shirazi ni uongo mtupu, uliotungwa na watu waliotaka ukoo wa fahari. Kama ningalisema, ningalimsahihisha mwalimu katika jambo moja, naye yamkini angalinisahihisha katika jingine. Kimya changu kilituacha sote wawili katika kosa, kila mmoja na lake. Tena aliyekaribia kweli kuliko sisi wawili alikuwa yule mzee ndani ya mashua, akiwasimulia watoto habari za mgeni aliyemwoa binti wa mwenye kisiwa, nami nikitabasamu. Alikosa habari za Wareno, lakini habari za wazazi wa Kilwa aliisimulia vyema kuliko mimi niliyekwenda ng'ambo kuitafuta. Sikupata nafasi ya kumwambia.

Basi, wasomaji, nimefikia neno langu. Nilipokuwa nikinyamaza kule ng'ambo, na nilipokuwa nikisema kwa kiburi kule Kisiwani, nilidhani kwamba nafanya mambo mawili yaliyo mbali kama mashariki na magharibi. Sasa naona kwamba lilikuwa jambo moja. Nyakati zote mbili nilikuwa nikiuangalia uso wangu mwenyewe. Kule niliogopa uso wangu usije ukaaibika, na huku nilitaka uso wangu utukuke. Kweli niliitumia tu, mara ya kwanza kwa kuificha na mara ya pili kwa kumpigia mtu. Mwenye kuitaka kweli kwa ajili ya kweli hawezi kunyamaza, maana anajua kwamba huenda mwenzake yumo kosani. Wala hawezi kujivuna, maana anajua kwamba huenda yeye mwenyewe ndiye aliyemo kosani. Atauliza. Na kuuliza, kukiwa ni kuuliza kweli, hubeba mambo hayo mawili pamoja, yaani ushujaa wa kusema na utayari wa kusahihishwa. Ndiyo sababu nasema kwamba kumwuliza mwalimu si kumvunjia heshima. Yule anayeuliza anamwamini mwalimu wake kwamba naye pia anaitaka kweli, na sijui heshima iliyo kubwa kuliko hiyo.

Najua kwamba walimu wenzangu watanijibu, na majibu yao nayastahi. Watasema kwamba kule ng'ambo walikaa watu kumi na wawili kuizunguka meza, hali kwetu darasa moja huwa na watoto sitini au zaidi, na saa ya somo haingoji mtu. Kila mmoja akiuliza swali moja, somo litaisha kabla halijaanza. Ni kweli, wala siwezi kuwataka wafanye lisilowezekana. Watasema tena kwamba wako watoto ambao wakiruhusiwa kuuliza watafanya mzaha, nao utovu wa adabu utaitwa elimu. Hilo pia ni kweli, nami nimeliona. Lakini mtoto mwenye mzaha hupatikana hata katika darasa la kimya. Tofauti ni kwamba mzaha wake huufanya nyuma ya mgongo wa mwalimu.

Mimi hufanya mambo machache yaliyo ndani ya uwezo wangu. Mwisho wa somo huwapa watoto dakika chache waandike juu ya vipande vya karatasi lile wasilolielewa au wasilolikubali, bila majina. Wengi huacha karatasi tupu, lakini kila juma zinapatikana mbili tatu zilizo na neno la maana, nazo huzijibu siku inayofuata. Nikiwa sina jibu husema mbele yao wote kwamba silijui, nitalitafuta. Siku ya kwanza niliyosema hivyo darasa lilitulia kama wamesikia habari ya msiba. Siku hizi wamezoea. Tena huwafundisha namna ya kumhitilafu mtu mzima: waanze na lile walilojifunza kwake, kisha waseme wanalolifikiri, kisha waulize ikiwa wamekosa, na ikiwa neno lenyewe litamwaibisha mbele ya watu, wamfuate baadaye peke yake. Haya si mambo ya ng'ambo. Ni adabu ile ile niliyofundishwa na mama yangu, ila imefunguliwa mlango.

Miezi michache iliyopita nilikuta karatasi moja iliyoandikwa kwa mkono wa mtoto, herufi zimelala upande. Iliuliza: “Mwalimu, ulisema Husuni Kubwa ni jumba la sultani. Babu yangu anasema ni mahali pa kuwekea bidhaa. Nani mkweli?” Nilifurahi kuliko nilivyofurahi siku niliyopewa shahada yangu. Nikawaambia watoto kwamba jumba lile lina vyumba vingi, na birika la kuogea lenye pembe nane, ambalo si kitu cha ghala. Lakini upande mmoja una uwanja mpana uliozungukwa na vyumba ambavyo wataalamu hudhani vilikuwa vya biashara na bidhaa. Basi yamkini babu yake anaujua upande mmoja, na mimi naujua mwingine. Kisha nikawauliza kama yuko awezaye kumwomba mzee huyo tufuatane naye siku tutakayokwenda Kisiwani. Mkono mmoja uliinuliwa, kule nyuma kabisa, ukashuka, kisha ukainuliwa tena.